Joto la Viungo Vilivyolegea: Si Kila Moto wa Umeme ni Shoti

Nyumba inaposhika moto mjini Mwanza, iwe Kirumba, Mabatini au Igoma, neno la kwanza kusikika miongoni mwa majirani ni "shoti". Neno hilo limekwisha kuingia katika Kiswahili cha kila siku kwa maana ya ajali yoyote ya umeme, na taarifa rasmi nazo mara nyingi hutosheka na maneno "hitilafu ya umeme". Hata hivyo, shoti hasa ni jambo moja tu: waya wenye moto hugusana na waya wa nyutro au na ardhi pasipo na kifaa chochote katikati, na mkondo wa umeme ukapanda ghafla mara nyingi kupita kiasi chake. Ajali ya namna hiyo huja kwa kishindo, na kwa kawaida fyuzi au breka huikata katika sehemu ndogo ya sekunde.

Ipo ajali nyingine isiyo na kishindo. Hiyo haiongezi mkondo, haikati fyuzi, wala haimzuii mwenye nyumba kuendelea kupiga pasi na kuchemsha maji ya chai. Huanza mahali waya unapokutana na skrubu ya soketi, au waya unapokutana na waya mwenzake juu ya dari, ikiwa mahali hapo hapakukazwa ipasavyo. Mafundi hupaita mahali hapo "jointi". Hapa patatajwa kwa jina la kiungo.

Ili kuelewa kwa nini kiungo kilicholegea hupata joto, mkazi wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali. Na atazame mawe yaliyopandana katika vilima vya mji wake, au Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Kwa mbali huonekana kana kwamba jiwe la juu limelala juu ya lile la chini kwa upana wake wote. Mtu akikaribia na kuchungulia huona mwanga upande wa pili. Mwamba wenye ukubwa wa nyumba huweza kuwa umeegemea mahali pawili au patatu tu, penye upana usiozidi mkeka. Sehemu nyingine yote ni hewa.

Metali mbili zinazogusana zina hali iyo hiyo. Uso wa shaba huonekana laini kwa macho, lakini ukitazamwa kwa hadubini yenye nguvu huwa na vilima na mabonde. Waya unapowekwa chini ya skrubu, vilele vya vilima hivyo ndivyo vinavyogusana, na umeme wote hulazimika kupita katika vilele hivyo vichache. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mwanafizikia Mswidi Ragnar Holm, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya viungo vya umeme kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1941. Skrubu inapokazwa, vilele hubondeka, vingine vipya hugusana, na njia ya umeme hupanuka. Skrubu inapolegea, njia hubaki nyembamba. Kwa hiyo kinachoamua wema wa kiungo ni nguvu ya mkazo zaidi kuliko wingi wa shaba inayoonekana kugusana. Fundi anayezungusha waya mrefu mara tano kuuzunguka mwenzake kisha akaufunga kwa tepu ameongeza shaba, lakini huenda hakuongeza mkazo wowote.

Njia nyembamba ya umeme ina maana ya ukinzani, nao hupimwa kwa omu, jina litokanalo na Mjerumani Georg Ohm aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa na mkondo katika waya hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kuzidisha kwa ukinzani. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Mkondo ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Kiungo kibovu chaweza kubeba taa moja kwa miaka kumi bila dalili, kikaanza kuungua juma lile lile ambalo jiko la umeme linanunuliwa.

Hebu na tuchukue mfano wa birika la umeme lenye nguvu ya wati 2,000, katika nyumba yenye umeme wa volti 230. Mkondo wake ni ampea 8.7. Kiungo kizuri huwa na ukinzani usiofika sehemu moja ya elfu ya omu, na joto lake halifikii hata sehemu moja ya kumi ya wati. Hakuna mkono utakaolihisi. Sasa na tuseme kwamba nyuma ya soketi skrubu imelegea, na ukinzani wa mahali hapo umefika nusu ya omu. Nusu ya omu ni kitu kidogo. Lakini mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa nusu, hupatikana joto la wati 36 hivi.

Wati 36 ni nini? Kila fundi redio mjini Mwanza ana jibu mezani kwake. Chuma chake cha kulehemu, kile ambacho ncha yake huyeyusha risasi na kuacha kovu mkononi kwa kugusa mara moja, kwa kawaida ni cha wati 30 au 40. Mwenye nyumba aliyetajwa hapo juu ana chuma cha kulehemu kinachowaka ndani ya ukuta wake, nyuma ya kifuniko cha plastiki, kila anapochemsha maji.

Yafaa sasa kuuliza fyuzi inafanya nini wakati huo. Ukinzani wa birika lenyewe ni omu 26 na nusu hivi. Kiungo kibovu kimeongeza nusu nyingine, na njia yote imekuwa omu 27. Ukinzani ukiongezeka mkondo hupungua. Zile ampea 8.7 zimeshuka zikawa 8.5. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi, ambayo ilitengenezwa ili ikatike mkondo unapozidi, imepewa mkondo mdogo kuliko ule wa siku ya kwanza. Haina sababu ya kukatika. Breka iliyo kwenye swichi kuu nayo haina sababu. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja kwenda ardhini, ambacho huokoa maisha ya watu wengi wanaonaswa na umeme, nacho kimetulia, kwa kuwa umeme wote ulioingia kwa waya wenye moto umerudi kwa nyutro kama ipasavyo. Kwa hesabu ya vyombo vyote vya ulinzi, nyumba hiyo ni salama.

Wala mwenye nyumba mwenyewe hajui kitu. Kati ya volti 230 zake, kiungo kimekula volti nne na ushee. Birika linachelewa kuchemka kwa sekunde chache. Nani atakayeona?

Kama mambo yangebaki hapo, hasara ingekuwa ndogo. Kwa bahati mbaya, kiungo kilicholegea hujiharibu chenyewe siku hadi siku. Shaba ikipata joto hutanuka, ikipoa hunywea. Pasi ikichomekwa kila jioni, kiungo hutanuka na kunywea kila jioni, na skrubu hulegea zaidi. Hewa inayoingia katika mianya huigeuza shaba ya juujuu kuwa oksidi nyeusi, ambayo haipitishi umeme kwa wepesi wa shaba safi. Zile chemchemi ndogo za ndani ya soketi, ambazo kazi yake ni kubana miguu ya plagi, hupoteza ukakamavu wake zikipashwa joto mara kwa mara, na plagi huanza kucheza. Ukinzani unaongeza joto, na joto linaongeza ukinzani. Wakati huohuo plastiki inayofunika waya wa kawaida wa nyumbani, iitwayo PVC, imekusudiwa kustahimili nyuzi 70 za Sentigredi tu. Ikipitishwa hapo kwa muda mrefu hukauka, hupasuka, na mwisho huacha waya uchi. Hapo ndipo shoti halisi huweza kutokea, na majirani wanaposema "ilikuwa shoti" husema kweli kuhusu dakika ya mwisho, ila miezi iliyotangulia haimo katika maelezo yao.

Uchunguzi wa kukumbukwa juu ya jambo hili ulifanywa Marekani na William Meese na Robert Beausoliel wa National Bureau of Standards, idara ya serikali iliyosimamia vipimo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1977. Walilegeza viungo kwa makusudi, kisha wakapitisha mikondo ya kawaida ya nyumbani. Baadhi ya viungo viliwaka vyekundu kama kaa la moto. Kwa mkondo wa ampea 15, kiungo kimoja kilitoa joto la hadi wati 35. Na hata kwa mkondo mdogo wa ampea 0.8, ambao ni mzigo wa vyombo vichache vidogo tu, lilipatikana joto la wati 5 mahali padogo kuliko punje ya mtama. Katika sehemu za soketi walipima nyuzi zinazokaribia 400 za Sentigredi. Vyombo vya ulinzi vya kawaida havikukatika. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale waya wa shaba ulipofungwa kwa skrubu ya chuma badala ya shaba nyeupe. Baadhi ya soketi za bei nafuu huwa na skrubu za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Sumaku ndogo huzifichua mara moja, kwani shaba haivutwi na sumaku.

Zipo sababu zinazoifanya habari hii iwahusu hasa wakazi wa ufuko wa Ziwa Victoria. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, na viungo vya umeme vya Mwanza haviliwi na kutu kwa kasi ile inayojulikana Tanga au Dar es Salaam. Lakini unyevu upo, mvua za masika na vuli hupenya katika mabati yaliyotoboka, na kiungo kilichofungwa kwa tepu juu ya dari hulowa na kukauka mara nyingi kwa mwaka. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama nguzo za moshi huvutwa na mwanga, na mizoga yao hujaa ndani ya taa za nje, ikashika unyevu wakati wa mvua na kuwa kuni kavu wakati wa kiangazi. Umeme unapokatika na kurudi, majokofu yote ya wauza samaki na vinywaji huamka pamoja, na mota ya jokofu inapoanza kuzunguka huvuta kwa muda mfupi mkondo ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kila kiungo dhaifu hupata pigo wakati huo.

Hata hivyo, jambo la kutia hofu zaidi ni lile la makazi. Katika vilima vya Mabatini, Igogo na kwingineko, nyumba zimejengwa katikati ya mawe, nyingi zikifikiwa kwa njia za miguu na ngazi tu. Gari la zimamoto haliwezi kupanda huko. Moto ulioanzia katika soketi moja hukuta mbao za dari ambazo, zikiwa zimepashwa joto karibu na kiungo kwa miezi mingi, zimekwisha kuwa nyeusi na kavu kama mkaa. Mkaa hushika moto upesi kuliko mbao.

Lipo na jambo la pua. Sehemu nyingi za soketi, swichi na holda za taa hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambayo ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Katika nchi nyingi mafundi huwafundisha wateja wao kwamba harufu ya samaki ndani ya nyumba ambamo samaki hakupikwa ni dalili ya kukimbilia swichi kuu. Mtu wa Mwaloni Kirumba, anayeishi na harufu ya dagaa na sangara asubuhi na jioni, hana sababu ya kushtuka. Onyo linalomfaa mkazi wa bara kavu humpita yeye bila kutambuliwa. Kwa hiyo kwake macho na mkono vina kazi kubwa kuliko pua: rangi ya kahawia kuzunguka matundu ya soketi, kifuniko kilichopinda, taa inayofifia na kurudi chombo kingine kinapowashwa, mlio mdogo kama wa kukaanga nyuma ya swichi. Baada ya kupiga pasi kwa nusu saa, plagi ikichomolewa na kushikwa kiganjani yaweza kuwa na uvuguvugu. Hilo si ajabu. Ikiwa haishikiki, kiungo kimoja ndani yake au ndani ya soketi kimelegea.

Si viungo vyote vilivyo ndani ya nyumba. Waya unaoleta umeme kutoka nguzoni aghalabu ni wa alumini, nao hukutana na shaba karibu na mita. Alumini ina tabia mbili mbaya: hujifunika mara moja kwa oksidi isiyopitisha umeme, na hulegea chini ya skrubu kwa kunyumbuka polepole. Nchini Marekani nyumba nyingi zilizojengwa kati ya mwaka 1965 na 1973 zilitandazwa nyaya za alumini kwa sababu shaba ilikuwa ghali, na viungo vyake vikaja kuwa chanzo cha mioto mingi. Kiungo cha alumini na shaba huhitaji kiunganishi maalumu kilichotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili. Tena, waya wa nyutro ukilegea nguzoni, nyumba zinazogawana laini hiyo hupata volti zisizo sawa: jirani mmoja taa zake hufifia, mwingine televisheni na friji zake huungua kwa volti zilizopita kiasi. Nyumba kadhaa zikiona taa zinang'aa na kufifia kila upepo wa ziwani unapovuma, kosa liko nje, na ni kazi ya TANESCO. Mwenye nyumba asipande ngazi.

Wavuvi wa dagaa, kwa upande wao, wana bahati fulani ambayo watu wa nchi kavu hawana. Wengi wao wameacha karabai za mafuta na kutumia taa za betri ya volti 12. Taa ya wati 24 huvuta ampea 2 kutoka katika betri hiyo, na kiungo chenye ukinzani wa nusu ya omu humnyang'anya mvuvi volti nzima, sehemu moja ya kumi na mbili ya umeme wake. Taa hufifia waziwazi. Mvuvi huenda akailaumu betri, lakini hatimaye hukwangua ncha za waya na kuzikaza upya, na mwanga hurudi. Kiungo kile kile nyumbani, kwa lile birika, kilikula chini ya sehemu moja ya hamsini, na hakuna aliyejua.

Dawa yenyewe ni nyepesi kuliko maelezo ya ugonjwa. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla kifuniko chochote hakijafunguliwa. Lakini mwenye nyumba anayejua kazi nzuri inavyokuwa hatadanganywa kwa urahisi. Waya umenywe kwa urefu unaoingia wote ndani ya tundu la skrubu, bila shaba kubaki nje na bila plastiki kubanwa ndani. Waya mwembamba katika tundu kubwa ukunjwe mara mbili ili skrubu ipate cha kushika. Nyuzi nyembamba za waya laini zisokotwe pamoja, isikatwe hata moja, na zisipakwe risasi ya kulehemu kabla ya kubanwa. Wapo mafundi wanaodhani kwamba risasi huongeza uimara, kumbe risasi hunyumbuka chini ya mkazo na kuiacha skrubu ikielea baada ya miezi michache. Skrubu ikishakazwa kwa bisibisi inayoenea, waya uvutwe kwa mkono. Ukitoka, bora umetoka sasa. Viungo vya darini viwe ndani ya visanduku vyake, vikiwa vimebanwa kwa konekta yenye skrubu; tepu peke yake haina mkazo wowote, na gundi yake hukauka kwa joto la mabati.

Kuongeza ukubwa wa fyuzi hakusaidii kitu katika ugonjwa huu, na kuifunga kwa kipande cha waya huondoa ulinzi dhidi ya shoti halisi pia. Soketi ambayo plagi inacheza ndani yake haitengenezeki; hubadilishwa. Na pale soketi iliyoungua inapobadilishwa, haitoshi kuufunga waya ule ule katika soketi mpya. Shaba iliyopashwa joto sana huwa imepoteza mng'ao, na plastiki yake imekuwa ngumu na yenye kuvunjika. Fundi hukata waya huo kidogo kidogo kurudi nyuma hadi afike penye shaba inayong'aa na plastiki inayopindika bila kupasuka, na kutoka hapo ndipo huanza kiungo kipya, hata kama itambidi avute waya mwingine ukutani.